Kwa Nini Nyumba za Walthamstow Hazina Bomba la Waya

Kwenye kipindi kilichopita tulizungumza kuhusu wazee wetu na nyumba za London, na nikataja kwamba mjomba wangu hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kugonga ukuta. Anasalimia, anavua viatu, anaketi, na kabla chai haijaletwa kidole chake kiko kwenye plasta: ko, ko, ko. Kisha anatikisa kichwa. "Hawa watu hawatii bomba."

Muda ulituishia kabla sijaeleza ni bomba gani. Basi leo tulizungumze, kwa sababu ndani yake kuna historia ya Walthamstow, ya Mombasa, na hata ya Kongo, na mwaka jana historia hiyo ilitugharimu pesa nyumbani kwetu.

Bomba analolisema mjomba si la maji. Ni bomba la plastiki au la chuma linalofukiwa ukutani ili nyaya za umeme zipite ndani yake. Mafundi wengi huliita paipu tu, wengine kondiuti. Kama umewahi kwenda nyumbani likizo na kukuta nyumba inajengwa, umeyaona bila kujua: mabomba membamba yanayochomoza kwenye zege kama mirija ya soda, wakati nyumba bado haina hata madirisha. Waya wenyewe haujanunuliwa, pengine pesa yake haijapatikana, lakini njia yake ipo tayari.

Hapa London, katika nyumba nyingi za kawaida, mambo ni kinyume. Waya bapa wa kijivu unapigiliwa kwenye matofali, labda unafunikwa na kigamba chembamba cha plastiki, halafu plasta inapita juu. Basi. Umezikwa. Siku ukitaka kuubadilisha, huwezi kuuvuta. Lazima uvunje ukuta.

Sasa swali: kwani si Waingereza hawa hawa waliowafundisha mafundi wetu kutumia bomba? Walifundisha. Mjomba alifanya mtihani wa City and Guilds, mtihani wa London, akiwa Mombasa. Ilikuwaje basi mwalimu akaacha somo na mwanafunzi akalishika?

Tuanze na sababu iliyotufanya tuulize. Mama anaishi ghorofa ya chini katika nusu-nyumba ya Warner. Mkipita mitaa ya Walthamstow mmeziona: nyumba za matofali zilizopangwa mstari, na milango miwili ya mbele iliyopakana chini ya tao moja, mmoja wa chini, mmoja wa juu. Mama ana pumu, na daktari alimshauri aachane na jiko la gesi. Tukamchagulia jiko la umeme la indaksheni, lile linalopasha sufuria tu. Karatasi yake ilisema kilowati 7.4. Gawanya kwa volti 230, unapata karibu amp 32.

Ili uone ukubwa wake: taa ya LED ya siku hizi inakula wati 10 hivi. Jiko moja likiwashwa lote ni sawa na taa 740. Waya wa jikoni kwa mama ulikuwa mwembamba, wa zamani, na haukuwekwa kwa kazi hiyo. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo mkubwa hupata moto ndani ya plasta, mahali usipoona. Hivyo ndivyo nyumba zinavyoungua usiku.

Kwa hiyo ilihitajika kupitisha waya mnene, kutoka sanduku la fyuzi karibu na mlango wa mbele hadi jikoni nyuma. Fundi wa kwanza tuliyemwita akasema njia rahisi ni kubandika mfereji mweupe wa plastiki juu ya ukuta wote wa korido. Mama akasema hapana, nyumba yake si ofisi. Fundi wa pili akasema atachimba, atalaza waya, atapaka plasta, siku moja imekwisha. Mjomba akasema: "Na mwenye kuja baada yenu atachimba tena?" Yeye alitaka bomba. Siku mbili zaidi, na pesa zaidi. Mimi nilikuwa upande wa fundi wa pili, nakwambia ukweli, maana bili ilikuwa yangu. Ndipo nikaanza kusoma.

Mwaka 1870 reli ilifika Walthamstow, na kijiji kikageuka mji. Mwaka 1871 wakazi walikuwa kama elfu kumi na moja. Mwaka 1901 walikuwa karibu 95,000. Familia ya Warner ilijenga mitaa mizima kuanzia miaka ya 1880. Nyumba hizo zilijengwa kwa ajili ya gesi na mishumaa. Aliyepanga zile kuta hakuwa na sababu ya kuwaza waya.

Umeme wa mji ulikuja mwaka 1901, baraza la Walthamstow lilipofungua kituo chake cha kuzalisha umeme Exeter Road. Mwaka 1905 tramu za baraza zikaanza kutembea kwa umeme huo. Baadaye, kwa miongo mingi, transfoma kubwa zilitengenezwa hapa hapa Walthamstow, kwenye kiwanda cha Fulbourne Road. Huu ulikuwa mji wa umeme kabla haujawa mji wa soko refu na mikahawa.

Na sisi je? Kampuni ya umeme ya Kenya huanza kusimulia historia yake kwa jenereta ya Seyyid Barghash wa Zanzibar, iliyowasha taa za jumba lake. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliichukua mitambo hiyo akaivusha bahari, ikaundwa kampuni ya Mombasa Electric Power and Lighting. Mwaka huo huo wa 1908 Wajerumani waliwasha umeme Dar es Salaam. Hebu tazama: kati ya Walthamstow na Mombasa kuna tofauti ya miaka saba tu. Tofauti kubwa ilikuwa nani aliyewashiwa. Mombasa na Dar, umeme ulikwenda kwanza kwenye ofisi, bandari, karakana za reli na nyumba za wakubwa.

Lakini kote kote mafundi walikutana na tatizo moja: waya upite wapi?

Miaka ya 1880, Uingereza, jibu lilikuwa mbao. Ubao mwembamba ulichongwa mifereji miwili, waya mmoja kila mfereji, halafu kifuniko cha mbao juu. Ulipendeza. Ila mbao na cheche ni maadui wa tangu zamani. Ndiyo maana kanuni za kwanza za kufunga taa za umeme Uingereza, zilizotolewa mwaka 1882, zilikuwa na neno moto kwenye jina lake: zilihusu kuzuia hatari ya moto. Kanuni hizo zimeandikwa upya mara nyingi, na ndizo babu wa zile zinazofuatwa na kila fundi wa Uingereza leo.

Jibu la pili lilikuwa bomba la chuma. Mafundi wa mwanzo walichukua tu mabomba ya gesi waliyoyazoea, wakapitisha waya ndani. Kisha viwanda vikaanza kutengeneza mabomba ya waya peke yake, mepesi na membamba zaidi. Bomba la chuma lilikuwa na faida tatu. Lilizuia misumari na panya. Waya ukiungua, moto ulibaki ndani ya chuma. Na waya ukichakaa, uliuvuta ukatoka, ukavuta mwingine ukaingia.

Hiyo ya tatu ndiyo muhimu, na ili uielewe lazima ujue waya wa wakati ule ulivyokuwa. Ndani shaba, nje mpira wa asili uliochemshwa na salfa, juu yake nyuzi za pamba. Na mpira hufa. Joto na hewa huukausha, unapasuka, unageuka unga. Baada ya miaka thelathini au arobaini unaushika tu na unamwagika mkononi kama makombo ya biskuti, shaba ikabaki uchi.

Mpira huo ulitoka wapi? Kabla mashamba ya Malaya hayajaanza kutoa kwa wingi, mpira wa dunia ulitoka hasa Brazil, na sehemu yake Kongo. Katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, kati ya 1885 na 1908, watu walilazimishwa kugema mpira msituni kwa mjeledi, na wake zao walishikwa mateka mpaka kapu lijae. Shaba nayo: kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1911 ikaanza kuyeyusha shaba ya Katanga kule Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Kiswahili cha Lubumbashi, kile ambacho baadhi yenu mnakisikia kwa wazazi wenu, kilikomaa kwenye kambi za wafanyakazi wa migodi hiyo. Tunaposema "waya tu" tunasahau kwamba watu walilipia mpira na shaba kwa mgongo wao.

Basi bomba lilikuwa na maana moja: aliyeliweka alikubali kwamba waya utakufa. Ukuta utaishi miaka mia, waya miaka thelathini. Kwa hiyo usivifunge pamoja.

Sasa tufike mahali ambapo London iliachana na bomba.

Kwanza, umaskini. Baada ya Vita vya Kwanza nyumba nyingi za wafanyakazi zilikuwa bado hazina umeme kabisa. Katika miaka ya 1920 na 1930 mabaraza na makampuni yaliwavuta wapangaji kwa mikopo: tutakufungia taa chache, utalipa kidogo kidogo. Hadi vita vya pili vinaanza mwaka 1939, karibu theluthi mbili ya nyumba za Uingereza zilikuwa na umeme. Lakini umeme gani? Taa moja kila chumba, pengine soketi moja ya pasi. Ikiwa una taa tatu za wati 60, nyumba nzima inatumia wati 180. Jiko la mama peke yake ni mara arobaini na moja ya hapo.

Ukitaka kuuona umeme wa aina hiyo leo, nenda Tanzania uulizie UMETA, Umeme Tayari. Ni kisanduku kimoja chenye taa, swichi na soketi, kinachofungwa kwenye nyumba ndogo ambayo mwenyewe hana uwezo wa kutandaza nyaya vyumba vyote. Kenya nako kuna ubao kama huo. Wazo ni lile lile: anza na kidogo, mwanga kwanza. Warner na UMETA ni ndugu.

Pili, waya wenyewe ulibadilika. Ukaja waya wenye koti gumu la mpira, ulioweza kupigiliwa ukutani bila bomba. Kisha, baada ya Vita vya Pili, ukaja wa plastiki, PVC. Huu haukauki upesi kama mpira, na ni rahisi. Nyumba za Uingereza zina sakafu za mbao zilizoinuliwa juu ya boriti. Waya wa plastiki unapita kwenye uwazi huo kama nyoka, unashuka ukutani, unapakwa plasta. Bomba la nini tena?

Tatu, haraka. Mabomu yalikuwa yamebomoa nyumba nyingi, na shaba ilikuwa adimu. Wakati vita vikiendelea kamati ilikaa kupanga umeme wa nyumba za baada ya vita. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa Caroline Haslett, mhandisi aliyetumia maisha yake kutaka umeme uwapunguzie wanawake kazi za nyumbani. Kwenye kazi hiyo ndiko kulikotoka waya wa mzunguko, unaotoka kwenye sanduku, unapita soketi zote na kurudi kwenye sanduku, kwa shaba kidogo kuliko kila soketi kuwa na waya wake. Ndiko pia kulikotoka plagi ya pini tatu bapa, iliyowekewa kiwango mwaka 1947. Ndiyo hiyo hiyo tunayochomeka Nairobi, Kampala na Dar. Ndiyo maana ukienda kwa bibi huhitaji kununua adapta, ilhali ukienda Paris unahitaji.

Kwa hiyo wajenzi wa London hawakuwa wajinga. Walidhani wamepata waya usiokufa. Na kweli, waya wa plastiki wa miaka ya 1960 mara nyingi bado ni mzima. Kile ambacho hawakukihesabu ni kwamba waya unaweza kuwa mzima kabisa na bado usitoshe. Hawakuwaza bafu la kuoga la umeme la kilowati 9, gari linalochajiwa usiku mlangoni, wala mama mwenye pumu anayetaka kupika pilau kwenye jiko la amp 32.

Na Mombasa kwa nini bomba likabaki?

Mjomba alisoma Mombasa Polytechnic katikati ya miaka ya 1970. Chuo hicho kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama Mombasa Institute of Muslim Education, watu wakakiita MIOME, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora, pamoja na fedha za serikali ya kikoloni. Leo ni Technical University of Mombasa. Mjomba anasema muhula mzima walikuwa wakikata hesi kwenye bomba la chuma, yaani ile mistari ya kuzungusha kama ya parafujo, hadi viganja vikatoka malengelenge. Kona ikipinda vibaya, mwalimu anaikanyaga: anza upya.

Alipotoka chuoni akakuta nyumba mpya zinajengwa kwa zege na matofali ya saruji. Hakuna sakafu ya mbao. Hakuna uwazi wa kupitisha waya kama nyoka. Dari ya ghorofa ni zege tupu, kwa hiyo bomba lazima lilazwe juu ya nondo kabla zege halijamwagwa, la sivyo umechelewa milele. Chuma nacho hakikudumu pwani, chumvi ya bahari ilikila. Bomba la plastiki likachukua nafasi yake. Na kuna sababu ya mfukoni: watu wetu wengi hujenga kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, waya baadaye. Bomba halidai waya uwe umenunuliwa. Linangoja.

Nyumba za zamani ni hadithi nyingine. Nyumba ya bibi, Mji wa Kale, ina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta kama huo ukiuchimba hovyo, unabomoka vipande usivyovitaka. Waya wa pale ulipita nje, juu ya vibao vyembamba vya mbao, ukishikwa na vikleti vya chuma. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni urembo. Kumbe ni jibu lile lile la Uingereza ya zamani: usiuzike waya mahali usipoweza kuutoa.

Turudi Walthamstow. Baada ya wiki mbili za ubishi mama alikata shauri. "Mwacheni kaka yangu aweke bomba. Nyumba yangu, ukuta wangu." Nikapangwa kuwa kibarua.

Kazi ilikwenda hivi. Chini ya mbao za sakafu ya korido tulilaza bomba la plastiki la milimita 25, likashikiliwa kwenye boriti kila baada ya hatua moja. Kwa mabomba yaliyozoeleka, 20 na 25, mjomba alisema waya mnene apewe kubwa: kwanza upate nafasi ya kuteleza, pili upate hewa. Waya ulio ndani ya bomba hupoa polepole kuliko ulio nje, kwa hiyo unahesabiwa uwezo mdogo zaidi. Huo ndio mtego wa bomba. Ukitia waya ule ule mwembamba ndani ya bomba jembamba ukadhani umefanya usalama, umefanya tanuri. Ndiyo maana tulichagua waya wa milimita za mraba 10 badala ya 6.

Jikoni ndipo pa kupanda ukutani. Mjomba akachora mistari miwili kwa penseli, wima kabisa, kutoka sakafuni hadi mahali pa swichi ya jiko. Hapo nikajifunza neno: kutindua. Tindo ni patasi ya chuma ya kuvunjia ukuta. Kutindua ni kuchimba nayo. Tuliishika mashine pia, lakini kingo alizimaliza kwa tindo na nyundo. Kanuni za Uingereza zinasema mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sudusi. Na njia iwe wima au mlalo kutoka kwenye swichi, kamwe isiwe mshazari, ili mtu atakayepigilia msumari wa picha baada ya miaka ishirini aweze kubashiri waya ulipo.

Ndani ya plasta ile tukakuta historia imejipanga. Kwanza waya wa kijivu wa plastiki, uliozikwa bila chochote. Mjomba akauvuta, haukusogea hata nywele. Nyuma yake, kando kidogo, bomba jembamba la chuma lenye kutu, la enzi za taa ya kwanza ya nyumba ile. Akashika waya uliokuwa ndani, akavuta taratibu. Ukatoka. Wote. Mpira wake ulikuwa unga, nyuzi za pamba zimebaki kama kamba ya kiatu, lakini ulitoka mzima kutoka ukuta wa watu waliokwisha kufa. Waya wa juzi ulikataa, wa mababu ukakubali. Mjomba hakusema kitu. Aliuweka mezani mbele yangu, akaenda kuswali.

Lile bomba la chuma hatukulitumia. Zamani chuma chenyewe kilikuwa njia ya umeme kurudi ardhini ukivuja; maungio yakipata kutu, njia hiyo inakatika na bomba zima linaweza kuwa na umeme. Likabaki ukutani bila kazi.

Kupinda plastiki kuna namna yake. Unaingiza spiringi ndani ya bomba ili lisibonyee, unalipinda gotini polepole. Kona zisizidi mbili za nyuzi 90 kati ya kisanduku na kisanduku, vinginevyo waya hauvutiki. Halafu unapitisha uzi wa kuvutia, unafunga nyaya tatu kwenye ncha yake, mmoja anavuta, mmoja analisha. Anayevuta anasema "leta," anayelisha anasema "chukua." Mama alikuwa anatusikiliza kutoka sebuleni, akacheka, akasema tunasikika kama wavuvi.

Kuunganisha na kupima hatukugusa. Tangu mwaka 2005 kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka kazi kama hii ifanywe au ithibitishwe na mtu anayeruhusiwa, na waya mpya lazima uwe na swichi ya kinga inayokata umeme ukivuja. Fundi aliyesajiliwa tulikuwa tumekubaliana naye tangu mwanzo; alikuja kuona kabla hatujapaka plasta, akaunganisha, akapima, akatoa cheti. Aliangalia zile kona, akamuuliza mjomba alisomea wapi. Mjomba akamjibu, "City and Guilds," akanyamaza.

Je, ilistahili? Tulilipa zaidi ya bei ya fundi wa pili, na korido ilikuwa vumbi kwa siku nne. Jiko linafanya kazi sawasawa na ambavyo lingefanya bila bomba. Mama hajui tofauti anapokaanga. Tofauti itajulikana siku mtu mwingine atakapohitaji waya mkubwa zaidi, na huenda mtu huyo hatukumzaa sisi. Watu wa Warner waliotandaza lile bomba la chuma nao hawakutujua.

Kwa hiyo, ikiwa wazazi wako wanajenga nyumbani, na wewe ndiye unayetuma pesa za saruji, usingoje picha ya nyumba iliyopakwa rangi. Piga simu kabla zege halijamwagwa, uliza mambo matatu: bomba la kwenda jikoni ni milimita ngapi, kona ngapi, na je, wameacha bomba moja tupu lenye uzi ndani kwa ajili ya baadaye? Fundi mzuri atafurahi kwamba umeuliza. Na ikiwa uko Walthamstow na unataka kubadilisha jikoni, uliza hayo hayo kabla ya plasta. Plasta ikishakauka, umebaki na tindo.